Katapila la Lubunga, kwa Mado Anayekwenda Basoko

Lubunga, alasiri, mvua haijakatika

Mado mwanangu,

Umevuka ng'ambo ya mto kuwaaga rafiki zako wa Simi-Simi, na kwa mvua hii najua wapiga kasia watakuchelewesha. Si vibaya. Nimepata nafasi ya kuandika bila wewe kusimama nyuma yangu ukisoma. Mama yako amejaza begi lako, akalifungua, akalijaza upya. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za namna ya kukaa na watu wa nyumba utakayofikia, hizo ni zake. Atakwambia leo, na kesho asubuhi kwenye bandari atakwambia tena, mpaka baleinière, ile mashua ya mbao, iachie kamba. Mimi nakuandikia habari ya mashine tu, kwa sababu ndiyo unayoifuata Basoko, na kwa sababu machache ninayoyajua juu yake hayakunijia kwa urahisi.

Wale akina mama wa ushirika wa Basoko walipomtuma mtu kuuliza kama bado kuna anayelielewa katapila la zamani, lenye minyororo badala ya magurudumu, walikuwa wananiulizia mimi. Walisema waliliokota kwenye shamba la michikichi lililoachwa, na wanataka kufungua mabonde ya mpunga. Kabla sijajibu, wewe ukasema, "Magoti ya papa iko mabaya. Nitaenda mie." Nikatoka nje nikaenda kutazama kuku, ambao hawakuhitaji kutazamwa. Mama yako alinifuata akaniuliza kwa nini nanyamaza, na wewe umekwisha kujibu. Alikuwa na haki.

Mashine ya kwetu, unajua, tonton wako Gaspard, mdogo wangu anayeniita Yaya mpaka leo, aliipata msituni kabla hujazaliwa. Alikwenda kuokota mbinzo, msimu ule viwavi walikuwa wengi, akarudi na kikapu nusu na uso wa mtu aliyekutana na tembo. "Yaya," akaniambia, "nimeona mbinzo moja ya chuma." Nilidhani amekunywa. Kesho yake alinipeleka, nikaiona: imekaa katikati ya michikichi iliyozeeka, mti umeota na kupita penye kiti, mchwa wamejenga ndani ya bomba la moshi. Mwenye ardhi ile alikuwa mzee asiyetaka kitu kwayo. Alisema tukiweza kuitoa, tumfungulie kwanza shamba lake, halafu iwe yetu.

Tulikata mti ule, tukafungua kila kitu kilichokubali kufunguka, na vile visivyokubali tukavilowesha kwa mafuta ya mawese tukangoja. Ilichukua misimu. Watu walitucheka, na mimi pia kuna siku nilimcheka Gaspard na kujicheka mwenyewe. Siku ilipowaka, ile injini ndogo ya petroli kwanza, halafu kubwa ya mazoti, yaani dizeli, ikaamshwa na ndogo, ilitoa moshi mweusi na sauti ambayo haikutoka masikioni mwangu kwa siku kadhaa. Gaspard alikaa juu ya kiti akilia. Sikulia. Nilikuwa tayari nahesabu kichwani mashamba yote ya ukingo huu.

Ninachotaka ukijue kwanza ni kile inachokiweza, maana utakutana na watu watakaoidharau kwa umri wake. Inaweza kuvuta. Basi, hiyo ndiyo kazi yake, na mengine yote ni namna za kuvuta. Uzito wake umetandazwa juu ya minyororo miwili mirefu, donc basi haizami haraka kwenye udongo laini kama trakta ya magurudumu. Unakumbuka bonde la mpunga kule nyuma ya reli? Kuna mtu alileta trakta ya magurudumu, mpya, rangi bado inang'aa, ikazama mpaka tumbo. Tuliingia na ile yetu polepole, kama mwanamke mjamzito anayevuka daraja la mti, tukaivuta ikatoka. Visiki inaving'oa, ukifunga kebo chini karibu na mizizi, siyo juu. Magari ya mizigo ya barabara ya Opala tuliyatoa matopeni zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Na wavuvi wa Yanonge, ndugu zetu, tuliwavutia magogo makubwa ya kuchonga pirogue, mitumbwi yao, kutoka msituni mpaka majini. Kazi ile ndiyo niliipenda kuliko zote. Gogo linateleza nyuma yako kimya, watu wanaimba pembeni, na ukifika mtoni hujaharibu kitu.

Sasa upande wa pili. Haijui barabara. Usikubali mtu akwambie uitembeze kutoka kijiji hadi kijiji. Mara moja nilikubali, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na nilitaka kuonekana nikipita. Tulikwenda mwendo wa mbuzi anayekula njiani. Pini za minyororo zililika kwa safari ile kuliko kwa msimu mzima wa shamba, na nyuma yetu barabara ilibaki imechanika kama nguo ya mgomvi. Chef wa pale, mkubwa wa kijiji, alitungoja katikati ya njia, akauliza bila kupaza sauti nani atawarudishia watoto njia yao ya shule. Tuliirudisha sisi, kwa jembe na sururu, Gaspard na mimi, na kazi nzuri ile ikachukuliwa na mtu mwingine.

Inakunywa mazoti hata ikiwa haifanyi kitu. Shamba dogo la mtu mmoja, la mihogo na ndizi za makemba, usiipeleke. Watu wanne wenye majembe wataimaliza kazi ukiwa bado unaigeuza pembeni. Udongo wa mfinyanzi unajaa kwenye minyororo, na ukiuacha ulale humo, asubuhi umekuwa tofali. Utoe siku ileile, hata mikono ikiwa imekufa. Na ukipinda ghafla penye kisiki, mnyororo unatoka, na kuurudisha ni kazi ya siku nzima na ya matusi mengi. Haya unayajua. Nayaandika ili nifike kwenye yale mawili usiyoyajua vizuri.

La kwanza ni shamba la koko wako, mama yangu. Wewe umelikuta limekwisha kuwa kichaka cha miti ya kombokombo, na umezoea kuamini kwamba lilikuwa hivyo siku zote. Hapana. Lilikuwa shamba la mpunga wa mlimani lililotulisha sote tulipokuwa wadogo, kisha likapumzishwa, msitu ukarudi juu yake. Tulipopata mashine, niliona zawadi ya kumpa mama ni ipi. Nilimwambia asishike panga mwaka ule, akae. Tukashusha lile bapa la chuma la mbele, lile tunaloita lame, nikaendesha mimi mwenyewe. Nilitaka pawe pasafi. Nilisukuma miti, visiki, mizizi, majani, kila kitu, nikavirundika pembeni, na nilipomaliza ardhi ilikuwa nyekundu na laini kama uwanja wa mpira. Watu walikuja kutazama. Nilisimama mikono kiunoni.

Mama alikuja jioni. Alizunguka kandokando, akainama, akachukua udongo akausugua katikati ya vidole, akaunusa. Kisha akaniuliza, akiniita Papa kwa upendo kama kawaida, kwa sauti yake ileile ya kuuliza kama nimekula:

"Papa, mulilima udongo, ao muliuchuna ngozi?"

Nilicheka. Nilidhani anasema kizee. Mvua za kwanza zilipiga, maji yakateremka juu ya wekundu ule bila kitu cha kuyashika, mpunga ukaota wa manjano, ukakomea usawa wa magoti. Msimu uliofuata hata manjano haikuwepo. Ule udongo mweusi, ambao kwenye nchi yetu hauzidi kiganja na vidole vyake, nilikuwa nimeusukuma wote kwenye lile rundo la pembeni pamoja na visiki. Majani pale kwenye rundo yaliota marefu kuliko mtu.

Mama hakurudia maneno yale. Alihamia kwenye kipande kidogo karibu na kijito, akalima kwa jembe mpaka mwaka aliotuacha. Nilipompelekea mchele wa kununua alipokea, akashukuru, akapika. Nilikuwa nakaa naye tukila wali ule wa watu. Ninapofikiri juu ya mashine ile, kinachonijia kwanza ni sahani ile, kabla hata ya ajali nitakayoifikia.

Donc huko Basoko watakwambia: mademoiselle, safisha kabisa. Wao hawajui, na watafurahi wakiona pekundu. Wewe inua bapa. Wakate vichaka kwa panga, wewe ng'oa visiki kimoja kimoja kwa kebo, udongo mweusi ubaki pale ulipo. Utaonekana mvivu. Watasema msichana huyu anaogopa mashine. Waache waseme mpaka mavuno.

La pili ni siku ya ukingo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo, na kanisani wamekusimulia kwamba mkono wa Mungu uliisimamisha mashine. Sitabishana na mkono wa Mungu. Nakupa lile nililoliona.

Ulikuwa wakati wa maji madogo. Baleinière ya watu wa Isangi, iliyojaa magunia kupita kiasi, ilikwama kwenye mchanga karibu na ukingo wetu, na mbao zake zilikuwa zinaanza kufunguka. Mwenye mashua alitusihi tuivute kabla haijapasuka. Ukingo pale, unaujua, umesimama. Tulichimba njia ya kuteremkia. Gaspard ndiye alikuwa juu ya kiti, kwa sababu tangu mwanzo yeye aliendesha vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa chini na kebo. Kabla ya kuteremka alisimama juu ya mashine akawaambia watu wote wasogee upande wa kuume, maana yeye atapinda kushoto kuelekea mashua. Watu wakatii. Mama yako alikuwa amekuja kuwauzia abiria liboke za samaki waliofungwa majani, beseni kichwani, wewe umeshikwa mkono. Naye alisogea upande wa kuume, kama alivyoambiwa.

Unajua mashine haina usukani. Ina mikono miwili ya chuma. Ukivuta wa kushoto, inapinda kushoto. Gaspard alifika katikati ya mteremko, akavuta wa kushoto. Ikapinda kuume.

Aliuvuta zaidi. Ikapinda kuume zaidi, sasa inakwenda kasi ambayo hatukuwahi kuiona kwake, na mbele yake kuna wanawake na mabeseni. Nilimwona uso. Hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina ambalo siyo lake. Kisha akaachia ule mkono na akaangusha bapa. Chuma chote kile kikadondoka mbele, kikauma udongo, mashine ikainua mgongo, na Gaspard akarushwa, akaanguka pembeni juu ya mawe ya ukingo. Injini ikazimika. Nikasikia maji yakipita chini ya mashua.

Mama yako hakuwa amekimbia. Bado alikuwa amekushika wewe kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine. Kati yenu na bapa lile mtu mzima angeweza kulala, asiweze kugeuka.

Gaspard alivunjika nyonga, na ndiyo maana anatembea vile unavyomwona. Mashua ilitolewa kesho yake kwa mikono ya watu, baada ya kushusha magunia. Ingeweza kutolewa hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyefikiri, kwa sababu mashine ilikuwepo, na mashine ikiwepo watu huacha kufikiri habari ya kushusha magunia.

Maneno yakaanza. Wengine walisema mzungu wa zamani wa shamba lile ameifuata mali yake. Wengine walisema tumeifunga dawa mbaya. Nami nilitaka niiuze kwa vipande, na nilikwenda hospitali kumwambia Gaspard hivyo, nikidhani nampa faraja. Alikuwa amelala mguu umening'inizwa. Akaniambia:

"Yaya, ile mashini haikunidanganya. Ni mie nilikuwa sijui kuteremuka. Enda uangalie juu ya nini ilifanya vile, halafu urudi uniambie."

Nilikwenda. Nyuma ya nyumba kuna kilima kidogo, kisichoweza kumuumiza mtu. Niliteremka pale peke yangu, polepole, nikavuta wa kushoto, ikapinda kuume. Nikapanda, nikateremka tena, mpaka nikaelewa, na siku nilipoelewa niliona aibu ya urahisi wake. Ule mkono haugeuzi kitu. Unauachia tu mnyororo wa upande ule, injini isiuvute. Mahali pa tambarare, mnyororo ulioachiwa unabaki nyuma, nawe unapinda upande wake. Lakini mteremkoni injini haivuti tena. Inazuia. Mashine inasukumwa na uzito wake yenyewe, na mnyororo ulioachiwa ndio unaokimbia mbele. Donc inapinda upande wa pili. Tangu hapo kila nikiteremka, nikivuta mkono ninakanyaga na breki ya upande uleule, nikanyage kweli, mnyororo usimame. Na bapa liwe karibu na ardhi daima. Na watu wote wakae juu, nyuma yangu. Hakuna upande salama mbele ya mashine inayoteremka.

Nilirudi hospitali nikamweleza kwa mikono yangu miwili juu ya shuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akasema, "Bon." Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kupona, au mimi ndivyo nilivyoona.

Baada ya hapo nilisema nyumbani kwamba mtoto wangu hatakaa juu ya kiti kile. Unakumbuka. Unadhani pia sikujua kwamba jioni, nikiwa shambani, Gaspard alikuwa anaketi kwenye benchi na fimbo yake, wewe uko chini ya mashine na funguo, naye anakuuliza kila kipande kinafanya nini. Nilijua. Niliona mafuta kwenye kucha zako mezani, ukinawa mara mbili kabla ya kushika pondu ya majani ya mihogo. Kukukataza tena sikuweza, na kukuruhusu mdomo ulikataa. Ulipokwenda kusoma umekanika, ndugu wa mama yako walikuja kuniuliza ni kazi gani hiyo ya msichana. Niliwajibu kwamba ni kazi kama nyingine. Sikuwaambia kwamba ulikuwa umekwisha kuifahamu. Ningeweza kuwaambia, na wewe ulikuwa chumba cha pili ukisikiliza.

Sikuandikii haya yawe mafundisho ya maisha. Ni habari za mashine. Ya maisha utayaona, na mimi mengi sikuyaona vizuri hata nilipokuwa juu yake.

Limebaki jambo la leo asubuhi. Ulipokuwa umelala, Gaspard alikuja na fimbo yake na kikapu cha vifaa. Alikuwa amemsikia yule mjumbe wa Basoko akieleza kwamba mashine yao injini yake kubwa ni nzima, lakini ile ndogo ya kuiamshia haina magneto, kile kifaa cha kutoa cheche. Wanangoja lori lipite ndipo waivute iwake, na lori Basoko halipiti kila siku. Yao ni ya aina moja na yetu. Gaspard hakuniomba ruhusa. Aliketi chini kwenye matope kando ya mashine yetu, mguu wake mbaya ameunyoosha, akaanza kufungua.

Nilimuuliza, "Na ile yetu itawaka na nini?"

Akafungua boliti nyingine kwanza. "Haitawaka," akasema.

Nikamshikia tochi mpaka akamaliza. Kisha tukakaa pale wawili. Mvua ilikuwa inaanza, na hakuna aliyesimama. Mashine ile inavuta bado, Mado. Mwezi uliopita ilivuta gogo. Magneto ile aliichomoa kama mtu anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akaipangusa kwa shati lake, akanipa.

Iko chini kabisa ya begi lako, nimeizungushia kitambaa cha kikwembe cha zamani cha mama yako, na juu yake plastiki, maji ya baleinière yasiifikie. Mama yako anajua. Ndiyo maana alilifungua begi akalijaza upya. Ukifika usiiunganishe haraka. Ipashe joto juani siku nzima kwanza, maana itakuwa imekunywa unyevu wa mto.

Naona mvua inapungua, na mtu anakuja kutoka mtoni na viatu mkononi. Nadhani ni wewe.

Magneto hiyo usiirudishe. Rudi wewe.

Papa yako